Theluji imefunga njia ya gari baada ya blizadi: tatizo ni nini na ufanyeje

Kila msimu hapa Buffalo, jimbo la New York, Marekani, maswali ni yaleyale. Koleo linanata, mashine ya kurushia theluji inanguruma lakini haili theluji, nimemwaga mfuko mzima wa chumvi na barafu ipo palepale, greda, lile gari la kusukuma theluji barabarani, limepita limenifungia tena. Na mara nyingi ukienda kuangalia unakuta mtu anaongeza nguvu pale ambapo alitakiwa abadilishe namna. Theluji sio kitu kimoja jamani. Kuna ya unga, kuna iliyolowa, kuna iliyosindiliwa na upepo ikawa ngumu, kuna ile chafu inayoachwa na greda, na kuna barafu yenyewe, na kila moja ina dawa yake. Ukikosea kuitambua utalipia kwa mgongo, au kwa moyo, namaanisha moyo huu unaodunda kifuani, na hilo nitalisema kwa kirefu huko chini maana ndo kubwa kuliko yote.

Nawaandikia zaidi ndugu zetu wa Kongo na Burundi walioanzia mtaa wa West Side kwenye apatimenti na sasa wamenunua nyumba, mara ya kwanza mtu anakuwa na njia yake ya gari, yaani kile kipande cha kuingilia kutoka barabarani hadi nyumbani. Ukipanga, theluji mara nyingi ni shida ya mwenye nyumba, ukinunua ni yako yote hadi pale inapogusana na barabara.

Kabla hujashika koleo

Kwanza elewa blizadi ni nini. Kwa wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani blizadi ni upepo wa maili 35 kwa saa au zaidi, yaani kama kilomita 56, pamoja na theluji hewani kiasi kwamba huoni mbele zaidi ya robo maili, na hali hiyo iendelee masaa matatu au zaidi. Umeona? Hawajataja inchi ngapi zimeanguka, wametaja upepo. Mwaka 1977 Januari mwishoni Ziwa Erie lilikuwa limeshaganda tangu Desemba na theluji imelala juu yake, upepo ukaizoa yote ukaileta mjini, milundo ikafika kwenye mapaa ya nyumba wakati iliyoanguka kutoka juu siku zile haikuwa ya kutisha hivyo. Kwahiyo ukisikia redioni wanasema inchi kumi alafu ukafungua mlango ukakuta mlundo umefika dirisha la gereji, hawajadanganya, ni upepo umekuchagulia wewe. Na kinyume chake pia kipo, hii theluji yetu ya ziwani inakuja kwa mikanda myembamba, hewa baridi inapita juu ya maji ya ziwa ambayo bado yana joto kidogo, inabeba unyevu, ikifika nchi kavu inaumwaga. Novemba 2022 Orchard Park, kusini mwa Buffalo, walipata karibu inchi 80, mita mbili hizo, na ukienda kaskazini kidogo watu walikuwa na kiasi cha kufagia tu. Usipange kazi yako kwa kusikia ya shemeji anayekaa upande mwingine wa mji.

Pili, dhoruba ikiwa bado inapiga kaa ndani. Blizadi ya Krismasi 2022 iliua watu zaidi ya 40 kaunti hii ya Erie, wengine walikwama kwenye magari, wengine walikutwa nje, wengine moyo uliwasimama wakiwa wanaondoa theluji. Hakuna njia ya gari inayostahili hiyo. Barabara zenyewe zinakuwa zimefungwa kwa amri, sasa unasafisha uende wapi?

Tatu, upepo ukitulia usianze na njia ya gari. Anza na mabomba. Nyumba nyingi za sasa zina hita inayotoa moshi wake kwa bomba jeupe la plastiki pembeni ya ukuta, chini chini, kimo cha goti hivi, na mlundo wa theluji unalifukia kirahisi sana. Likiziba, hita ama inajizima ama moshi wake unarudi ndani, na kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Chimbua pale kwa mkono, taratibu, usije ukalivunja kwa koleo. Na umeme ukikatika, ndugu zangu nawaomba sana, msiingize jiko la mkaa ndani ya nyumba kutafuta joto. Kule nyumbani tulizoea jiko lakini madirisha yalikuwa wazi na upepo unapita juu ya dari, hizi nyumba za huku zimezibwa kila upande, mkaa utawalaza familia nzima na hamtaamka. Jenereta vilevile, sio gereji, sio besimenti (chumba cha chini ya nyumba), iwekwe nje mbali na mlango na madirisha.

Koleo linanata, theluji haitoki

Chanzo kimoja ni theluji iliyolowa, hii inatokea joto likiwa karibu na sifuri. Ijaribu: shika kidogo kwenye glovu ukaze, ikishikana ikawa tonge imelowa, ikimwagika ni ya unga. Chanzo cha pili watu hawakifikirii, ni koleo lililokuwa limehifadhiwa ndani karibu na hita. Likitoka lina joto, theluji inayoligusa inayeyuka kidogo afu inaganda palepale, na ikishaganda ya kwanza zinazofuata zote zinaishikilia hiyo. Acha koleo nje au gereji dakika kadhaa kabla ya kuanza, likipoa futa likauke, afu lipake kitu cha kuteleza. Silikoni ya kupuliza ni nzuri, nta ya mshumaa ukiisugua vizuri inafanya kazi, na ukikosa vyote yale mafuta ya kupikia ya kopo la kupuliza yanatosha kwa nusu saa, unarudia.

Na kama imelowa kweli, usijaze koleo. Kata vipande vya mraba, nusu ya upana wa koleo, uvitelezeshe.

Umechoka na hata robo hujafika

Piga hesabu kidogo hapa. Mita moja ya ujazo ya theluji mpya ya unga ina uzito wa kama kilo 50 mpaka 100. Iliyolowa au iliyosindiliwa na upepo inaweza kufika kilo 300 na kupita. Sasa chukua njia ya magari mawili, tuseme mita 6 kwa 12, kina sentimita 30, hapo una zaidi ya mita 21 za ujazo. Ikiwa ya unga ni tani mbili, ikiwa imelowa ni tani sita na nusu. Tani sita na nusu kwa mikono! Ndo maana jirani alimaliza wiki iliyopita kwa saa moja na leo wewe saa ya pili bado upo mlangoni, sio kwamba wewe mvivu, mnabeba vitu viwili tofauti.

Cha kufanya ni kuacha kunyanyua. Sukuma. Lile koleo pana lenye bapa lililopinda ni la kusukumia, na lile dogo lenye kina ndo la kunyanyulia, uwe nayo yote mawili kama unaweza. Ikiwa imezidi magoti usijaribu kufika chini kwa mara moja, ondoa tabaka la juu kwanza, sentimita 20 au 25, afu linalofuata. Na shoveli zako za mwanzo, ukiwa bado una nguvu, ndo za kurusha mbali kabisa na ukingo, maana wengi wanaanza kwa kuweka theluji pale pembeni karibu karibu, wanaona wamemaliza haraka, afu ikinyesha tena Januari wanakuta kuta mbili zimewabana na hakuna pa kuitupa, njia ya magari mawili imekuwa ya gari moja, ikifika Februari ni ya baiskeli. Angalia upepo unaelekea wapi na utupe upande huohuo, ukitupa kinyume unaoga nayo na nusu inarudi ulikoitoa.

Kitu kingine, usiendeshe gari juu yake kabla hujaondoa. Najua mtu anarudi zamu ya usiku amechoka anataka kuingia tu alale, lakini zile alama mbili za tairi zinageuka barafu ngumu ambayo itakusumbua wiki nzima. Egesha kando, fungua mistari miwili ya tairi hata kama ni myembamba, ndo uingie.

Kifua kinabana, mkono wa kushoto unauma, unatoka jasho la baridi

Simama hapohapo. Weka koleo chini, ingia ndani, piga 911, namba ya dharura. Usisubiri uone kama itapita, usimpigie kwanza kaka yako wa Ohio kumuuliza.

Kwanini theluji inaua watu wa moyo kuliko kazi nyingine? Vitu kadhaa vinakutana kwa wakati mmoja. Baridi inabana mishipa ya damu na presha inapanda. Mikono inafanya kazi nzito kuliko miguu, na kazi ya mikono inapandisha mapigo haraka kuliko kutembea. Mtu akinyanyua mzigo anabana pumzi bila kujijua, presha inaruka tena. Na mara nyingi ni asubuhi, ametoka kitandani, hajatembea wiki nzima maana alikuwa amejifungia na dhoruba, anatoka moja kwa moja kwenye tani sita. Mzee wa miaka 55 mwenye presha na sukari, ambaye kule nyumbani alikuwa analima ekari bila shida, anaona hii ni kazi ya watoto. Sio ya watoto. Ninaowaogopea zaidi ni hawa wababa wetu wanaoona aibu kumwachia kijana au kumlipa mtu wa mashine.

Dalili sio lazima iwe kifua tu. Taya kuuma, mgongo wa juu, kuishiwa pumzi, kichefuchefu, kizunguzungu, na kwa akina mama mara nyingi inakuja hivyo bila maumivu makali ya kifua. Mwenye historia ya moyo, au presha isiyotulia, au aliyepasuliwa karibuni, asishike koleo kabisa, aongee na daktari wake kabla ya msimu na sio siku ya dhoruba. Wengine wote, tembea ndani dakika kumi kwanza, usianze umetoka kula ugali wa kushiba wala umekunywa pombe, fanya dakika 15 pumzika, kunywa maji, vaa nguo za tabaka ili ukitoka jasho uvue moja. Jasho likikulowanisha baridi inakuingia mara mbili. Vidole vikifa ganzi na ngozi ikawa nyeupe au kijivu ingia ndani uvipashe kwa maji ya vuguvugu, sio ya moto, na usivisugue.

Umemaliza, greda limepita, umefungiwa tena

Hili linatia watu uchungu mpaka wanamfuata dereva. Dereva hana kosa, bapa la greda limekaa kwa pembe na linasukuma theluji kwenda kulia kwake, ukingoni, na mdomo wa njia yako ni pengo lisilo na ukingo, basi inamwagikia pale. Huwezi kulizuia kabisa ila unaweza kulipunguza sana, na watu wengi hawajui.

Simama kwenye njia yako ukiangalia barabara. Huku magari yanapita kulia, kwahiyo greda la upande wako linakuja kutoka kushoto kwako. Chimba mfuko huko kushoto, kabla ya mdomo wa njia yako, pembeni ya barabara, urefu wa futi kumi hivi au zaidi kama una nafasi, upana kiasi cha bapa kuingia. Greda likifika linamwaga mzigo wake kwenye mfuko, linapita mbele yako likiwa limeshapungua. Na theluji yote ya mdomoni weka upande wa kulia, usiiweke kushoto hata kama ni karibu, ukiiweka kushoto greda litaichukua likurudishie.

Kuhusu muda: ile theluji ya greda sio ya kuiacha ilale. Chembe zake zimevunjwavunjwa na kusukumwa, zikitulia zinashikana upya, afu ina maji na chumvi ya barabarani, joto likishuka usiku asubuhi unakuta ukuta. Mambo yanayolegea saa kumi na moja jioni kwa koleo la kawaida, saa kumi na mbili asubuhi yanataka chuma. Kwahiyo kama unajua greda litapita tena usiku, ondoa hii ya sasa bado laini, na ya usiku utaikuta ndogo. Ukikuta imeshaganda, ivunje kwanza kwa kile chuma bapa cha mpini mrefu cha kukwangulia barafu, kuanzia pembeni kwenda katikati, vipande vikilegea ndo uvisukume. Sururu na jembe viache, vinatoboa lami, na maji yakiingia kwenye lile tundu yakaganda lami yote ya pale inapasuka msimu huohuo.

Usiisukume barabarani wala ng'ambo kwa jirani. Miji mingi inapiga faini, na kubwa zaidi gari la watu linaweza kuteleza pale. Kama bomba la zimamoto lipo mbele ya nyumba yako lifukue futi tatu kila upande. Wazimamoto wakikosa kuliona dakika zile, nyumba inayoungua inaweza kuwa yako.

Mashine inanguruma lakini haili theluji

Angalia mapanga ya mbele kama yanazunguka. Kama injini inaunguruma vizuri na mapanga yamesimama, au upande mmoja unazunguka na mwingine umelala, karibu kila mara ni shia pini imekatika. Hii ni boliti ndogo inayounganisha mapanga na shafti yake, imetengenezwa dhaifu makusudi ikatike mapanga yakigonga jiwe, kipande cha barafu au gazeti lililofukiwa, ili isiharibike gia ya ndani ambayo ni ghali. Kwahiyo usiweke boliti ya kawaida ngumu mahali pake eti haitakatika tena. Kweli haitakatika, itakayovunjika ni gia. Nunua pini za modeli yako mwezi wa kumi, weka pakiti kwenye gereji, maana siku ya dhoruba madukani zinaisha mapema.

Pini zikiwa nzima basi ni mkanda, umeisha au umeruka. Dalili yake ni harufu ya mpira kuungua na mapanga yanazunguka taratibu ukigusa theluji tu yanasimama. Kama mapanga yanazunguka lakini theluji hairushwi, bomba limeziba. Kama hayazunguki kabisa na pini ni nzima, ile feni ya nyuma yake inaweza kuwa imeganda. Feni inaganda hivi: mara ya mwisho ulizima mashine ikiwa imejaa theluji, ikayeyuka gereji, ikaganda tena. Usilazimishe, utachoma mkanda. Iingize sehemu yenye joto iyeyuke, na kuanzia leo ukimaliza kazi iache iungurume dakika mbili tatu mapanga yakizunguka tupu yajikaushe.

Bomba linaloziba kila baada ya hatua chache ni theluji iliyolowa pamoja na injini iliyopunguzwa mafuta. Fungua mafuta yote, injini iende kasi kamili, chukua nusu ya upana badala ya upana wote, na puliza silikoni ndani ya bomba kabla ya kuanza. Na hapa nasema kwa herufi zote: USIINGIZE MKONO. Hata ukiwa umezima. Mapanga yaliyokwama yanakuwa yamebeba mvutano, ukitoa tu kile kilichokwama yanajipindua nusu mzunguko na nusu mzunguko inatosha kuondoka na vidole. Zima, toa ufunguo, subiri kila kitu kisimame, tumia kile kijiti cha plastiki kilichokuja na mashine, ukikosa tumia mpini wa fagio. Glovu haisaidii kitu, glovu ndo inavutwa kwanza.

Mashine ikiacha tabaka nyuma yake, angalia zile sahani mbili za pembeni zinazoteleza chini. Kwenye lami zipandishwe ili mashine ishuke ikae karibu na ardhi, kwenye kokoto zishushwe ili mashine ipande sentimita mbili tatu isiokote mawe na kuyarusha kwenye madirisha. Zile mashine ndogo ambazo mapanga yake ya mpira yanagusa ardhi moja kwa moja hazifai kokoto kabisa, na mlundo wa greda ulioganda zinaukwangua tu juu juu.

Mashine haiwaki kabisa

Petroli ya mwaka jana. Naanza na hiyo maana ndo yenyewe mara nyingi, petroli ya huku imechanganywa na ethanoli, ikikaa miezi inavuta maji na inaacha utando kwenye kabureta. Mwaga ya zamani, weka mpya, jaribu tena. Kabla ya hapo hakikisha vitu vidogo ambavyo mtu akiwa na haraka anavisahau: ufunguo umeingia mpaka mwisho, koki ya mafuta imefunguliwa, choki imefungwa kwa injini baridi, kile kibonyezo cha mpira umekibonya mara mbili tatu na sio kumi maana utaizamisha mafuta. Ukishaizamisha subiri dakika kumi na tano. Kama ina harufu ya petroli na haishiki, toa plagi uikaushe au uweke mpya. Ikiwaka kwa choki alafu ukiifungua inazima, kabureta imeziba na hapo ni fundi, au ifungue mwenyewe kama unajua kazi.

Za betri ni rahisi, betri ilale ndani ya nyumba sio gereji, baridi inaipunguzia nguvu sana.

Usiiwashe ndani ya gereji iliyofungwa, hata mlango ukiwa nusu. Itoe nje.

Chumvi imemwagwa, barafu haina habari

Angalia kipimajoto. Chumvi ya kawaida, sodiamu kloraidi, ikishuka chini ya nyuzi 9 hasi za Selsiasi, kama 15 za Farenhaiti, inakuwa ya polepole mno na kuongeza mfuko hakusaidii. Kwenye baridi hiyo tafuta kalsiamu kloraidi, inafanya kazi mpaka karibu 25 hasi na inatoa joto ikiyeyuka, bei yake iko juu ila unatumia kidogo. Magnesiamu kloraidi ipo katikati. Soma nyuma ya mfuko imeandikwa nini, jina kubwa la mbele halikwambii chochote.

Chanzo kingine ni kuimwaga juu ya theluji nene. Chumvi inatoboa vishimo tu inapotea. Ondoa theluji kwanza kadiri koleo linavyoweza, afu nyunyiza kwenye filamu iliyobaki, ipe nusu saa ipenye chini, afu kwangua. Kikombe kikubwa cha chai, kama gramu 340, kinatosha njia ya futi 20. Zege ambalo ndo kwanza limemwagwa mwaka huo usiliwekee chumvi kabisa, maji ya chumvi yanaingia ndani yanaganda na kuyeyuka mara nyingi zaidi na ngozi ya zege inabanduka. Hapo tumia mchanga, hauyeyushi kitu ila mguu na tairi vinashika. Maji ya moto usimwage. Yanayeyusha dakika mbili, afu una barafu laini ya kuvunjia nyonga.

Jua nalo ni msaada mkubwa, ukifika kwenye lami nyeusi hata sehemu ndogo tu, inakusanya joto na kuyeyusha pembeni yake hata kama hewa iko chini ya sifuri. Ndo maana inafaa kukwangua mpaka chini sehemu moja vizuri kuliko kupitisha koleo juu juu kila mahali.

Tairi linazunguka, gari haliendi

Acha kukanyaga mafuta. Tairi likizunguka linayeyusha theluji na kuipiga pasi, kila sekunde unazidi kujichimbia. Fukua mbele na nyuma ya tairi zinazovuta, fukua na chini ya gari kama limekalia theluji, mwaga mchanga au ule unga wa choo cha paka usiogandamana, afu gia ndogo na mguu mwepesi, mbele kidogo nyuma kidogo. Mkeka wa gari chini ya tairi unasaidia ila asisimame mtu nyuma yake, unaruka kwa nguvu.

Kabla ya kuwasha injini, kila mara, fukua bomba la moshi. Tafadhali usiweke mke na watoto ndani ya gari wapate joto huku wewe unachimba. Mwaka 2016 New Jersey mama na mwanawe mdogo walikufa hivyohivyo, baba yupo nje hatua chache tu anaondoa theluji, bomba limezibwa na moshi unaingia ndani. Watoto wasubiri ndani ya nyumba.

Kila asubuhi njia ina barafu mpya na hakujanyesha

Ni mlundo wako mwenyewe. Umeuweka upande wa juu wa mteremko, mchana unayeyuka, maji yanapita kwenye njia, usiku yanaganda. Hamishia upande wa chini hata kama ni mbali, au kata mfereji mwembamba kwa koleo pembeni ya njia maji yapite huko. Angalia na mabomba ya maji ya paa, mengi yanamwagia moja kwa moja kwenye njia ya gari. Theluji iliyolundikwa kwenye ukuta wa nyumba nayo itaingia besimenti ikiyeyuka, iache futi nne au tano kutoka ukutani.

Na joto likitangazwa kupanda ghafla, hapa Buffalo linaweza kutoka chini ya sifuri hadi nyuzi 10 ndani ya siku mbili, kazi inayobaki ni kutafuta chemba ya maji ya barabarani iliyo karibu na nyumba yako na kuifungua, maana ikiwa imefukiwa maji yote ya mtaa yatasimama mdomoni mwa njia yako na kurudi ndani. Kama hukumbuki ipo wapi, fungua ramani kwenye simu uangalie picha za mtaa wenu zilizopigwa kiangazi, utauona wavu wa chuma kando ya barabara, pima kwa hatua kutoka kona ya njia yako, afu chimba pale.